Kelele na moshi vinapita tundu moja



Mwezi huu tunaacha mapaa yanayovuja, tunaingia ndani ya motokari. Ndugu mmoja wa Likasi ameniandikia barua. Amenunua Hiace ya zamani, ametoa viti vya nyuma, amepiga kitanda cha mbao, ameweka sanduku la chakula na dumu la maji, ili yeye na bibi yake wakienda kuuzisha vitenge Fungurume na Kolwezi wasilipe tena chumba cha kulala. Wazungu kule Ulaya wanafanya vile kwa kutembea wakati wa mapumziko. Huku kwetu ni kwa kutafuta chakula cha watoto. Anasema nyuma kumekuwa kuzuri. "Lakini mbele, Pasta, ni kama kukaa juu ya mbabula. Joto inatoka chini ya kiti, makelele inajaa mu kichwa. Niko na matela ya musu ya zamani. Nikate kipande niweke chini ya kiti, juu ya moteri?"

Jibu langu ni hapana. Musu ya matela usiiweke juu ya moteri, hata kipande kidogo kama kiganja cha mkono. Lakini sitaki nikuambie hapana tu halafu nikuache na makelele yako. Wacha kwanza nieleze namna mimi mwenyewe nilivyofundishwa.

Mwaka 2021, katika mwezi wa saba, tulikuwa tunarudi Lubumbashi kutoka Kolwezi, usiku, ndani ya Hiace yetu iliyotengenezwa sawa na ile ya ndugu wa Likasi: kitanda nyuma, ubao mwembamba katikati, watu wawili mbele. Nyuma walilala bibi yangu na mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka sita. Shofere wetu ni mzee kunipita. Alitumika miaka mingi kwenye mashini za kuponda mawe, na sikio lake la kushoto lilibaki kule.

Munajua motokari zetu hizi zinazotoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam: usukani uko kuume, na sisi katika Kongo tunapita kuume kwa barabara. Shofere akitaka kupita kamyo, yeye hawezi kuona kitu. Ni yule anayekaa kushoto kwake anayetazama na kumwambia. Usiku ule mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Tulikuwa nyuma ya kamyo moja ya madini, nikatoa kichwa, nikaona mataa yanakuja. Nikapaza sauti: "Ngoja!" Yeye akasikia: "Songa!"

Alisonga. Mungu ni mwema, mataa yale yalikuwa bado mbali, akayaona kwa macho yake mwenyewe, akakanyaga freno, tukarudi nyuma ya kamyo. Tukasimama pembeni mwa barabara ili mioyo yetu itulie. Akazima moteri. Na pale, moteri ilipokufa, tukasikia sauti ingine: pa, pa, pa, kutoka nyuma. Ni bibi yangu alikuwa anapiga ubao kwa kiatu. Alikuwa anaupiga tangu muda mrefu. Mtoto alikuwa ametapika mara mbili, analia kichwa. Yeye mwenyewe kichwa kilikuwa kinamuuma. Nusu ya metre ilikuwa kati yetu, na hatukumusikia.

Tukafungua milango yote, tukawakalisha inje kwenye baridi, mtoto akapata nafuu. Kesho yake nikapeleka motokari kwa fundi. Akainua kiti, akafungua kifuniko cha moteri, akaniita nitazame. Katika Hiace moteri iko chini ya viti vya mbele, hata katika zile za aina mpya zilizoanza kutoka mwaka 2004. Kati ya moteri na matako ya shofere kuna kifuniko cha chuma tu, na kuzunguka kifuniko kile kunapashwa kuwa kauchu laini ya kukifunga. Yetu ilikuwa imebaki kipande kama mkia wa panya. Tena, pale bomba la moshi linaposhikana na moteri, jwenti ilikuwa imepasuka, na kifuniko kilikuwa cheusi kwa masizi upande wa chini. Fundi akafuta masizi kwa kidole, akanionyesha: "Pasta, makelele yenu na moshi yenu vinapita hapa, tundu ni moja."

Neno lile ndilo nataka kumpa ndugu wa Likasi. Watu wengi wanafikiri kunyamazisha kabina ni jambo la raha, la watu wenye feza. Hapana. Pale kelele inapoingia ndipo moshi unaingia, ndipo joto na vumbi nyekundu ya njia za migodi inaingia. Unayeziba kwa ajili ya masikio yako, unaziba pia kwa ajili ya mapafu ya mtoto anayelala nyuma.

Basi kazi inaanza na nini? Inaanza na ugonjwa wenyewe. Ni bure kufunika moteri inayopiga kelele kwa sababu imeharibika. Tazama bomba la moshi tangu moteri mpaka mwisho wake. Panapovuja patatoa masizi meusi. Tazama silenbloki, yale makauchu ambayo moteri inakalia. Zikikufa, kila mtetemeko wa moteri unapanda wima kwenye chuma cha motokari, na hakuna blanketi duniani itakayoweza kuuzuia. Kaza bati lolote linalocheza. Kwetu sisi, jwenti mpya na silenbloki mbili zilipunguza makelele kupita vitu vingi tulivyogundisha baadaye, na nilikuwa nimekwisha kuweka feza pembeni kwa kununua vitu vya kugundisha!

Baada ya hapo, matundu. Ngoja giza liingie. Weka tochi yenye nguvu chini, pale moteri iko, funga kifuniko, zima mataa yote, na wewe ukae ndani ya kabina. Kila mahali unapoona mwanga, ndipo mlango. Utaona mwanga kuzunguka kifuniko, chini ya mkono wa vitesi pale ngozi yake imepasuka, pale kamba ya klachi na ya akselereta zinapita, pale waya za umeme zinaingia, chini ya mguu wa usukani. Usidharau tundu dogo. Mutu anaweza kutundika chandarua kizuri, lakini kikiwa na tundu moja, mbu wote wa mtaa watajifunza njia ile. Kwa kelele ni vile vile: kama sehemu moja tu kwa mia ya ukuta iko wazi, hata ukuta uwe mnene namna gani, hautaweza kupunguza kelele kupita desibeli 20. Unaweza kuongeza unene mpaka uchoke, tundu litakushinda.

Kifuniko ukifunge kwa kauchu laini yenye hewa ndani, ile inayowekwa kwenye milango ya motokari. Kuijaribu ni rahisi: weka kipande cha karatasi kati ya kifuniko na kitako chake, funga, kisha vuta. Karatasi ikitoka bila kusumbua, mahali pale hapajafunga. Zunguka namna ile pande zote nne. Na vile vyuma vya kukamata kifuniko, visikose hata kimoja. Wafundi wengi wanavirudisha viwili kati ya vinne na kusema vinatosha. Matundu ya waya na kamba yanataka makauchu yake ya duara; ukikosa, mastiki ya motokari inafaa, siyo sabuni, siyo karatasi iliyotafunwa. (Musicheke. Nimeiona.)

Lakini chini ya moteri usifunge kitu. Moteri inapumua kutoka chini na kutoka mbele. Ukiifunga pande zote kama mtoto wa baridi, itachemka.

Sasa tunafika mahali watu wengi wanakosea, hata wale wa Ulaya wenye kununua kila kitu kipya. Kelele na joto si adui mmoja. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia: blanketi, sufu, musu, vyote vinakamata hewa ndani yake. Kinachozuia kelele nzito ya moteri ya mazutu ni uzito. Fikiri kwaya inayojifunza nyuma ya pazia: unasikia kila neno. Waweke nyuma ya ukuta wa matofali ya kuchoma, utasikia ngoma tu, tena mbali. Pazia ni laini, ukuta ni mzito. Musu ya matela ni pazia. Inapunguza mwangwi na sauti nyembamba, lakini muungurumo wa moteri unapita ndani yake bila kupiga hodi. Basi unahitaji vyote viwili, kitu laini na kitu kizito, kimoja juu ya kingine.

Kwenye sakafu, kitu laini kinakaa chini, kizito kinakaa juu, na kile kizito kisiguse chuma mahali popote. Sisi tuliweka chini blanketi nzito ya sufu, ile ya kijivu, na juu yake kauchu ya mukanda ule unaobeba mawe kwenye viwanda. Wasomaji wa gazeti hili hakuna asiyeujua mukanda huo. Wenye unene wa milimetre 10 unafika karibu kilo 12 kwa metre moja ya mraba, na uzito huo ndio tunaoutafuta. Uchague uliochakaa, unaouzishwa kwa njia halali na kwa karatasi ya kununua. Usije ukaniambia kesho Pasta ndiye alisema uupitishe juu ya ukuta wa kiwanda. Uoshe kwa maji mengi na brashi, kwa sababu umebeba mavumbi ya madini, na hautaki kuyaleta mahali watoto wanakaa.

Kitu kimoja cha kuangalia sana: kanyagio. Sakafu ikinenepa, kanyagio la akselereta na la freno vinapata nafasi ndogo. Kata mukanda mbali nazo, uufunge usiteleze, kisha kanyaga kila kanyagio mpaka mwisho kwa mkono, moteri ikiwa imezimwa, mara kumi. Kama kuna kitu kinagusa, kata tena.

Juu ya kifuniko chenyewe uwe na akili zaidi, kwa sababu ya joto. Endesha muda wa saa moja, simama, zima moteri, inua kiti, weka kiganja juu ya kifuniko. Kama huwezi kuvumilia mpaka kuhesabu tano, kauchu isikae pale bado. Kwanza weka ngao upande wa chini: bati jembamba la aluminyumu, linalokamatwa kwa skuru, lenye nafasi ya sentimetre 2 kati yake na kifuniko. Nafasi ile ndiyo inayofanya kazi. Aluminyumu inayong'aa inarudisha joto ikiwa kuna hewa mbele yake. Ukiigundisha wima kwenye chuma inakuwa chuma tu. Mwenye uwezo anaweza kujaza nafasi kwa sufu ya kioo, iliyofungwa vizuri ndani ya aluminyumu, maana inawasha ngozi na inakunywa maji. Hiyo haiwaki.

Na musu ya matela? Toka inje, mbali na nyumba, kata kipande kama kidole, kikamate kwa koleo, washa kwa kiberiti. Utaona namna inavyowaka, inadondosha matone ya moto, na moshi wake ni sumu. Halafu fikiri kipande kile kikikaa juu ya moteri miezi sita, kimekunywa mafuta na mazutu. Kila kitu unachotaka kuweka karibu na moteri ukijaribu vile kwanza. Kikiendelea kuwaka baada ya kuondoa kiberiti, mahali pake si pale.

Karatasi ya lami inayofunika mapaa nayo watu wanaipenda kwa sababu ni nzito na bei yake ni nafuu. Juu ya moteri itanuka mpaka mulie. Kwenye dari ya motokari, jua la mwezi wa kumi litaiyeyusha, na siku moja itakuangukia shingoni. Ikae sakafuni tu, mbali na moto.

Sasa neno zito. Wazee wa magaraji watakupa kitambaa cheupe, ao kigumu kama kadi nene, watakuambia: "Hii haiwaki hata siku moja, njo tulikuwa tunafungia mabomba ya moshi zamani." Ni kweli haiwaki. Ni amianti. Nyuzi zake ni ndogo kupita unachoweza kuona, zinaingia katika mapafu na kukaa, na kansa yake inaweza kuja baada ya miaka 20, 30, hata 40, wakati umekwisha kusahau siku ile uliyoikata kwa makasi. Ufaransa iliikataza tangu mwaka 1997, nchi zote za Umoja wa Ulaya zilipashwa kuiacha mwaka 2005, na Afrika ya Kusini, iliyokuwa inaichimba yenyewe, iliikataza mwaka 2008. Usiikate, usiitoboe, usiifagie ikiwa kavu, usimupe mtoto kuibeba. Mwambie mzee asante, uache pale.

Kwa milango na dari kazi ni ndogo. Piga bati la mlango kwa kidole kilichokunjwa: linalia kama ngoma. Sasa weka kiganja katikati ya bati na upige tena: linanyamaza. Basi unachotafuta ni kiganja kisichotoka. Kuna vipande vya kauchu ya kunata vyenye aluminyumu juu yake, vinavyouzishwa kwa kazi hii. Haihitaji kufunika bati lote. Ukifunika robo yake, pale katikati, umepata sehemu kubwa ya faida, na robo tatu ya feza yako inabaki mfukoni. Kwanza futa mafuta na vumbi, la sivyo kitashikamana na vumbi, si na bati.

Chini kabisa ya mlango utaona matundu madogo. Yale usiyazibe! Ni njia ya maji ya mvua yanayopita kwenye kioo. Nimeona kijana mmoja amejaza mlango wake wote kwa ile musu inayotoka kwenye kopo na kuvimba. Mvua mbili, maji yakakaa ndani, na kutu ikaanza kula mlango kutoka ndani, kioo hakishuki tena. Na ile plastiki iliyo nyuma ya ubao wa mlango, uirudishe. Wafundi wanaitupa wakifikiri ni mfuko wa dukani.

Kuhusu jua na baridi ya usiku, ukuta si shida kubwa katika kabina. Shida ni vioo. Kioo cha mbele ni kikubwa kama dirisha la duka, joto la muchana linaingia pale, na katika mwezi wa sita na wa saba, Kolwezi na Lubumbashi zikiwa juu ya metre 1.000, joto la usiku linatokea pale pale. Kwa jua, kinga iwekwe inje ya kioo kama inawezekana: kadi nene yenye karatasi inayong'aa, ikamatwe na milango. Ukiiweka ndani inasaidia, lakini jua limekwisha kuingia nyumbani. Kwa baridi, kitu kinachopita vyote kwa bei ndogo ni pazia: blanketi mbili zilizoshonwa pamoja, kutoka dari mpaka sakafu, kati ya kabina na kitanda. Muache kabina ibaki na baridi yake, ninyi mulale upande mwingine wa pazia. Bibi yangu alishona yetu katika siku moja, na bila kumficha mtu yeyote, ni kazi nzuri kupita zote nilizofanya mimi.

Tukishafunga vile, kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza ni maji. Watu wawili wakilala usiku mmoja, pumzi yao inatoa karibu nusu lita ya maji. Yakikosa njia, yanashika kwenye chuma baridi nyuma ya blanketi zako na kuanza kuila motokari kimya kimya. Acha kioo kimoja wazi kidogo mbele na kingine nyuma, vidole viwili, wenye kuogopa mbu waweke wavu.

La pili linanifanya nisimame hata katikati ya kuandika. Zamani motokari yako ilikuwa na matundu, sasa haina. Usiku wa baridi, mutu atasema: "Tuingize mbabula dakika kumi tu, makala yamekwisha kuwaka vizuri, haina moshi tena." Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua. Gazi yake haina rangi, haina harufu. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuwa mtamu, na asubuhi jirani anagonga mlango. Gazi ile ile inatoka pia katika moteri, zaidi ile ya esanse kupita ya mazutu. Kwa hiyo usilale ndani moteri ikizunguka, na usitembee mlango wa nyuma ukiwa wazi, maana motokari ikikimbia inavuta moshi wake yenyewe kuurudisha ndani. Mbabula ibaki inje, hata kama mama mkwe analalamika baridi. Mupe blanketi ya tatu.

Kuhusu masikio sitasema mengi, ninyi wa kambi za kazi munayajua kunipita. Sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 muda wa saa 8. Ndivyo watu wa usalama wa kazi wanavyohesabu. Kwa desibeli 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, maana kila 3 zinazoongezeka nguvu ya kelele inakuwa mara mbili. Kama unalazimika kupaza sauti ili mutu aliye umbali wa mkono akusikie, huenda umekwisha kupita 85. Vile vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikikufa, haviote tena, siyo kama nywele za kichwa. Mwanaume anayetumika muchana kwenye mashini, halafu jioni anaendesha saa tatu ndani ya kabina inayolia, anaongeza deni juu ya deni. Watoto wake wanajua: redio inapanda kila mwaka.

Yule shofere wetu hakufurahi na kazi hii. Siku tulipomaliza, alizunguka mara moja tu mpaka barabara kubwa, akarudi, akazima moteri, akabaki ameshika usukani.

"Pasta, sasa mi sisikie moteri. Ntajua namna gani kama iko muzima?"

Nikamwambia: "Papa, tazama ile saa ya joto, inakuambia."

"Saa inaweza kudanganya. Moteri haidanganye."

Yeye yuko na haki kidogo, na mimi niko na haki kidogo. Shofere aliyezaliwa na makelele anasoma moteri kwa masikio, na siku ya kwanza ya kimya anajisikia kama mutu aliyefungwa macho. Lakini baada ya juma mbili alikuja mwenyewe kuniambia kwamba anasikia kitu, tik, tik, upande wa mbele kushoto, wakati wa kukata kona. Fundi akatazama: rulma ya gurudumu ilikuwa inaanza kukufa. Makelele makubwa yalikuwa yanaificha. Hata hivyo, kioo chake anakiacha wazi kidogo kila safari, asikie honi za kamyo, na mimi niliacha kubishana naye juu ya kioo kile. Na tunapotaka kupita kamyo sisemi tena "ngoja". Ninasema "hapana", na nikiona njia ni nyeupe, ninamugusa bega.

Ndugu wa Likasi, anza na tochi, usiku wa leo kama unaweza. Usinunue kitu kwanza. Hesabu mahali unapoona mwanga, uandike kwenye karatasi, na utazame rangi ya upande wa chini wa kifuniko. Kama kuna masizi, usilale tena na bibi yako katika motokari ile mpaka jwenti ibadilishwe. Niandikie hesabu yako. Sisi tulipata matundu kumi na moja, na la kumi na moja lilikuwa chini ya kiti changu mwenyewe.